Kiingereza cha Mjukuu Wangu

Binti yangu aliolewa ng'ambo ya mpaka, Arua, na mtoto wake wa kike akasomeshwa huko kwa Kiingereza. Mimi na mke wangu hapa Bunia tulimjua mjukuu huyo, wa pekee tuliye naye, kwa picha na kwa sauti ya simu iliyosema "Jambo babu", kisha ikanyamaza. Alipotimiza miaka tisa, mama yake alikubali kumleta kwetu wakati wa likizo ndefu, kwa sharti alilolitamka bila kuzunguka: "Papa, kama hatawazoea, sitamulazimisha tena. Likizo zake atakuwa anazifanyia kwa upande wa baba yake."

Kwa sababu ya sharti hilo nikaanza kujifunza Kiingereza. Nimefundisha Kilatini na Kifaransa karibu maisha yangu yote ya kazi, na nilidhani kwamba lugha iliyobeba maneno mengi ya Kilatini kiasi hicho isingenipa taabu kubwa. Nilitafuta kitabu cha sarufi nikakisoma kama mapadre wa seminari walivyonizoeza: kwanza kanuni, kisha mifano, kisha vighairi. Kufungua kinywa kabla ya kanuni kukamilika, kwetu sisi tuliolelewa hivyo, ni kama kutoka nje hujavaa viatu.

Kilichonitatiza hakikuwa vitenzi. Lilikuwa jambo ambalo kitabu kililieleza kwa mistari michache, kana kwamba halina ajabu yoyote. Waingereza huchukua kielezi cha mahali au cha wakati, wakakiweka nyuma ya nomino, wakaendelea na safari yao. *The people upstairs*: watu, juu. *The day before*: siku, kabla. *The journey home*: safari, nyumbani. Nilichungulia kati ya nomino na neno linaloifuata nikitafuta kinachoyashikilia pamoja, nisione kitu. Kiswahili kitasema watu wa juu, au watu walio juu. Kifaransa kitaingiza kihusishi chake kidogo. Nacho Kilatini, kama walimu wangu walivyonikumbusha kwa wino mwekundu, hakipendi kuning'iniza mahali kwenye nomino tupu, hutaka kitenzi cha kupabeba. Kiingereza kinapakia mzigo nyuma ya pikipiki bila kamba, na mzigo hauanguki. Tena, sifa ya wema hutangulia mtu, ilhali sifa ya kuwa juu humfuata. Kwa nini huyu mbele na huyu nyuma? Nilisoma ukurasa ule hadi nikaanza kutilia shaka hata Kiswahili changu.

Mtoto alifika mchana, nywele zimekatwa fupi kama za wanafunzi wa kule, vumbi la barabara ya Mahagi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimemwandalia sentensi moja: *How was the journey here?* Niliichagua makusudi, ili neno la mahali likae nyuma ya safari bila kamba, naye ajue kwamba babu yake amejitahidi. Nikaitamka polepole. Akanitazama, akajibu kwa neno moja kwamba ilikuwa njema. Nami nilikuwa sijaandaa sentensi ya pili.

Mke wangu hakuandaa hata ya kwanza. Alitoka jikoni na unga wa muhogo mikononi akamkumbatia. "Ooo! Mbanda yangu amefika! Mutazame, mudogo hivi, na amekuja kuninyang'anya bwana!"

Mbanda ni mke mwenza. Hapa kwetu bibi na mjukuu wa kike hushindania mzee wa nyumba kwa mzaha: bibi humwita mjukuu mbanda, babu humwita mke wake, na mtoto naye humdai sabuni na kitenge na kumgombeza akichelewa kurudi. Kila aliyekulia Bunia anajua kwamba asiyetaniwa ndiye mgeni. Mimi sikumtania. Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kulisema hilo kwa Kiingereza, na kadiri nilivyotafuta ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa maana neno "mke", likihamishwa kutoka katika desturi inayolilinda na kuwekwa mbele ya mtoto wa miaka tisa, linakuwa neno la kutisha. Nikabaki na adabu. Nilimuuliza habari za asubuhi na za jioni, kwa ukamilifu, kama mkaguzi wa shule.

Neno mbanda likaendelea kumwangukia mtoto. Akichelewa kuamka: "Mbanda, unalala mpaka saa hii, bwana yetu atakunywa chai ya nani?" Akila vizuri: "Mbanda, wacha kidogo, utatumalizia mali!" Mtoto alikuwa na Kiswahili cha kutosha kujua kwamba anasemwa, lakini hakikumtosha kujua kwamba anapendwa. Nilimwona akipunguza chakula. Siku moja alinifuata kwenye meza yangu akaniuliza, kwa Kiingereza alichokipunguza mwendo kwa huruma yake, mbanda ni nini.

Hili swali nililiweza. Nilifurahi, hata. Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi: mbanda ni mwanamke anayeolewa na mume mmoja pamoja na mwingine, na kwa kawaida kila mmoja hutamani mwenzake aondoke. Fasili ilikuwa sahihi, na sarufi yake, nathubutu kusema, haikuwa na doa.

Akauliza: "Kwa hiyo bibi anataka niondoke?"

Kabla sijapata mpangilio wa jibu, alikwenda katika chumba cha nyuma alimokuwa analala, akafunga mlango. Tulimsikia akilia, akimtaka mama yake.

"Prof!" mke wangu aliniita hivyo, kama wanafunzi wangu. "Umemuambia nini mutoto?"

"Aliniuliza maana. Nimempa maana."

"Maana! Nani alikutuma na maana? Muchezo haina maana! Wende ukamutanie."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa mudomo, muzee! Kwa mudomo!"

Nikaketi kwenye kigoda nje ya mlango ule. Kichwani nilikuwa na ukurasa mzima wa nomino na vifuasi vyake, na hapakuwa na mfano hata mmoja wa kumrudisha mtoto aliyejiona amefukuzwa. Nilianza kumweleza kwa Kiingereza kwamba mwanamke wa jikoni hana hasira. Nikaacha katikati, kwa kuwa hata mimi nilisikia kwamba hayo ni maelezo mengine. Ndipo nikasema, kwa sauti ya kulalamika na bila kukagua chochote, kwamba mzee wa hapa ana njaa. Kwamba wanawake ndani ya nyumba hii ni wawili. Kwamba mmoja analia, mwingine anapiga kelele, na hakuna anayepika. Na kwamba kesho mzee huyo atakwenda Irumu kutafuta mke wa tatu.

Kisha mlango ukafunguka kidogo, na kikatoka Kiingereza cha mbio, kirefu, ambacho ndani yake nilinasa "pika" na kitu kama "mzee wa nje". Uso wake ulikuwa bado umelowa. Alikuwa akinigombeza, hilo nililitambua. Ila kama aligombeza kwa hasira au kwa mzaha, sikuweza kuamua.

Mke wangu, ambaye hajui neno la Kiingereza, alijibu kutoka jikoni papo hapo: "Ndiyo, mbanda! Umuseme! Siye wawili ametuchosha!" Mtoto akapaza sauti zaidi. Wakaendelea hivyo juu ya kichwa changu, kila mmoja kwa lugha yake, na wakaelewana, na mimi niliyezijua zote mbili nikawa ndiye pekee niliyepotea.

Siwezi kusema kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Kuna asubuhi alizocheka na bibi yake wakichambua majani ya sombe, na kuna jioni alizokaa peke yake akichezea simu, nami sikujua zipi nizihesabu.

Mama yake alipokuja kumchukua, alimuuliza mbele yetu, kwa Kiingereza, kama angependa kuja tena. Nilisogea karibu. Mtoto alisema jambo la haraka, na nikakamata kipande kimoja kizima: *the bed by the window*. Kitanda, kando ya dirisha. Sikujua kama ni kitanda chake cha nyumbani Arua anachokitamani, au ni malalamiko kuhusu kile tulichompa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema Noeli anataka kitanda ile ya kwa dirisha. Chumba ya nyuma iko na baridi."

Kitanda hicho ni changu. Ndipo ninaposomea mchana.

"Na muzee atalala wapi?" mke wangu akadakia.

Binti yangu akamtafsiria. Mtoto akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akajibu kwa ufupi. Mama yake akafunika mdomo kwa kiganja. Nilimwomba anieleze, akakataa. Nikamwomba tena, wakacheka wote watatu, mke wangu, ambaye hakuelewa neno, akicheka kuliko wote.

Nikaingia ndani, nikaanza kuondoa vitabu kwenye kitanda.