Skrini ya Bei ya Geti

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la nne nikaingia kuchomelea vyuma, na mageti mengi ya mtaa wetu wa Jericho yamepita mkononi mwangu. Mtu akinitajia bei, naipima kwa geti. Skrini ile ya gemu ilikuwa bei ya geti la milango miwili, na rangi juu.

Asubuhi ya siku tuliyokwenda kuinunua nilikuwa nimeuza mashine yangu ya kuchomelea. Macho yalishaanza kuniacha, ingawa sikumwambia mtu. Chumba cha kazi binti yangu alikuwa amekigeuza cha kuchezea gemu, kikajaa wateja hadi mtu mwingine alipofungua chake mtaa wa jirani, Donholm. Wakaanza kuhama. Walisema skrini yetu inachelewa: unabonyeza, adui ameshakumaliza.

"Skrini haichelewi," niliwaambia. "Mkono wako ndio mzito."

Walicheka, wakaenda. Binti yangu hakucheka.

"Baba, tununue skrini ya maana au tufunge mlango."

Ndiyo maana tulikuwa dukani, pesa ya mashine mfuko wa ndani wa koti, mkono wangu juu yake. Ikipotea hiyo, sina mashine, sina chumba. Muuzaji aliweka skrini mbili kando kwa kando, gemu moja kwa zote.

"Mzee wangu, hii ya bei ni hezi mia mbili arobaini, inabadilisha picha mara hizo kwa sekunde. Hiyo ingine sitini. Angalia tofauti."

Niliangalia. Watu wanakimbia huku, watu wanakimbia kule. Nikainua ile ya bei, nyepesi kama sinia. Ya rahisi ilikuwa nzito. Na mimi maisha yangu yote najua chuma chepesi ni cha kudanganya wateja.

"Hii wamebania bati," nilisema.

"Si geti hiyo, Baba!"

"Kwa hivyo nilipe geti nibebe sinia?"

Muuzaji akakohoa. Binti yangu akasema, si kwa sauti kubwa:

"Huoni, Baba. Macho yako yameisha. Jericho nzima inajua."

Nusura nitoke. Nilitazama mlango, nikamtazama yeye, bado amesimama mbele ya skrini zile.

"Kaa ucheze," nikamwambia. "Ya rahisi kwanza."

Skrini sikuiangalia. Nilimwangalia yeye. Fundi huwezi kumpima kwa cheche, cheche hata mwongo anazitoa. Mpime kwa mabega. Yakipanda hadi masikioni, anapigana na mashine. Nimefukuza watu kazi kwa mabega tu.

Yake yalipanda. Akasonya, akauma mdomo. Nikamwambia ahamie ya bei. Dakika chache, yakashuka, yakatulia kama ya mtu anayemenya viazi.

"Rudi kwa ya kwanza."

"Baba, jamani!"

"Rudi."

Yakapanda tena.

"Umeona tofauti, mzee?" muuzaji akauliza.

"Nimeona."

Binti yangu aligeuka, macho ya shaka. "Umeona nini?"

Nilitoa pesa yote, nikaisukuma mezani kabla roho haijabadilika. Muuzaji akafunga boksi. Binti yangu akanyoosha mikono alichukue.

"Wacha," nilimwambia, nikalitia begani. "Ni macho yameisha. Mgongo bado."

Akafungua mlango, nikapita.