Ujumbe wa Kukhu Katika Mji Mweupe

Harufu ya chokaa ikinipata asubuhi kabla ya chai, siku hiyo imeharibika. Na hunipata karibu kila siku ya msimu wa kupanda, kwa sababu duka ninalofanyia kazi hapa Kitale linauza mbegu, mbolea na chokaa ya kutibu mashamba yenye udongo mchachu, na mifuko yake hupasuka haraka kuliko ahadi za wanasiasa. Wakulima husimama pale wakipiga chafya na kuniuliza ni mifuko mingapi kwa ekari, nami nawajibu kwa mdomo tu. Akili imeshavuka bahari, imefika kwenye mji mmoja wa kale juu ya kilima, kusini mwa Italia, ambako watu hawamwagi chokaa shambani bali huipaka nyumba zao, kuta, ngazi, hata mashina ya miti, mpaka mji mzima unaonekana kama maziwa yaliyochemka yakafurika juu ya mlima. Nilifika huko nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, likizo ya Agosti, kwa wiki tatu. Kijiji chetu kizima huko Kabuchai kilijua kwamba nimekwenda kumtembelea mama. Waliojua kwamba pia nimetumwa walikuwa wawili tu.

Mama alikuwa ameondoka nikiwa darasa la pili, akaenda Italia kumtunza mjane mmoja mzee aliyeitwa Nyanya Rosa. Mimi nikabaki na kukhu, yaani nyanya yangu mzaa mama, nikilala naye kitanda kimoja na kunusa ugoro wake mpaka pua yangu ikazeeka kabla yangu. Simu katika boma letu ilikuwa moja, ya mjomba Wafula, kaka mdogo wa mama. Kila Jumapili baada ya kanisa aliiweka juu ya kigoda, akafungua spika, na sisi sote tukaizunguka kama watu wanaoota moto. Ilikuwepo sheria ambayo hakuna aliyeiandika: simu ya ng'ambo ni ya habari njema. Ng'ombe amekufa? Tuko sawa. Viwavi wamekula mahindi? Mungu ni mwema. Nyumba ingeshika moto tukiwa ndani, nina hakika tungemwambia mama kwamba leo kuna joto kidogo. Naye kule alikuwa mzima siku zote, ameshiba siku zote, na ukisikiliza sana, mafua yake hayakuwa yakiisha.

Mwaka ule mguu wa kukhu ulivimba ukang'aa kama biringanya. Wageni wakija aliufunika kwa leso. Mjomba alimpeleka hospitalini Bungoma, wakarudi na mfuko wa vidonge na maneno machache: moyo umechoka. Wakati huohuo, kama mzaha, ikaja barua ya mwaliko. Mtoto wa kiume wa Nyanya Rosa alikuwa amehangaikia karatasi zangu, na sista mmoja wa parokia aliyekuwa akisafiri kwenda kwao angenichukua na kunirudisha. Jioni ya kuamkia safari, kukhu aliniita. Mjomba alikuwa amepiga magoti akimkanda mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. "Mambo kama haya hayapiti kwa simu," kukhu akasema. "Simu haina macho. Wewe utamshika mamako mkono, umwambie hivi: mguu umevimba, daktari amesema moyo umechoka, na mimi nataka nimwone kabla ya Krismasi. Usiongeze, usipunguze." Akanifanya niyarudie mara tatu mpaka nikayashika kama sala. Mjomba akanikonyeza. "Usiogope bana," akasema. "Mjumbe hauawi."

Sitaisimulia safari, maana nilitapika kutoka Nairobi mpaka Roma bila kupumzika, na yule sista bila shaka alipata wokovu wake siku ile. Nitaanza pale gari lilipopinda kona na mji ukajitokeza. Ulikuwa mweupe wa kuumiza macho, nyumba zimepandana mgongoni, na ngazi nyembamba zikipita katikati yake. Nilizihesabu zikafika elfu kumi, na kama nimekosea, nimekosea kwa mbili tatu. Chini kabisa, ng'ambo ya mizeituni, bahari ilikuwa mstari wa buluu uliochorwa kwa rula. Hewa ilinukia pilipili mboga za kukaangwa, nyanya zilizoanikwa juani, na chokaa. Wazee walikaa milangoni juu ya viti vya kusuka, wakitenganisha maharagwe na maganda, na nilipopita walininyamazia kwa heshima kana kwamba nimetoka mwezini. Watoto hawakuwepo. Mama alinieleza kwamba vijana walikuwa wameuhama mji kwenda kutafuta kazi kaskazini, wakirudi siku za sikukuu tu, na kwamba ndiyo maana wazee wale walihitaji watu kama yeye. Nilifikiri juu ya hilo kidogo, nikaliacha, kwa sababu mama alikuwa amenishika mkono, mkono uleule niliotumwa niushike, na mimi nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Siku ya pili tulikuwa juu ya paa tukianika mashuka ya Nyanya Rosa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ili niseme. Mama akanitangulia. Akanieleza, akiwa na vibanio mdomoni, kwamba karatasi zake za kuishi kule zilikuwa zimeisha, na mpya zilikuwa bado kwenye meza ya serikali. Akiondoka nchini kabla hazijatoka, ajihesabu ameondoka moja kwa moja. Zikitoka, angeniita nije nikae naye, nisome huko, tupate chumba chetu. "Wewe omba tu nyumbani kusitokee kitu," akasema. "Kikitokea, mimi nitaenda. Siwezi kukaa. Na hapo yote itakuwa imeisha." Kisha akacheka, akanifunika kwa shuka lenye maji, tukakimbizana juu ya paa kama wendawazimu. Pumzi niliyoivuta niliimeza. Nikajiambia kesho.

Kesho zilikuwa nyingi. Nilikula tini mpaka nikaogopa kupasuka, nikajifunza kumsalimia Nyanya Rosa kwa lugha yao, naye akawa ananipapasa shavu na kuniita jina la mtu mwingine. Kila asubuhi nilimtazama mama akimwinua yule bibi kitandani, akimwosha miguu kidole kwa kidole, akiikausha na kuipaka mafuta. Miguu ya Nyanya Rosa ilikuwa myembamba, mikavu, haina uvimbe. Nilikuwa natoka nje.

Katika wiki ya mwisho, mji ulikuwa unajiandaa kwa sikukuu ya mtakatifu wao, na kila nyumba ilipaswa kupakwa upya. Miaka mingine fundi aliitwa. Safari hii mama alisema kazi hiyo anaiweza, si kwao wanawake ndio wanaosiriba nyumba? Akakoroga chokaa kwenye ndoo, akaitupa brashi kando, akazamisha mkono. Alipaka kama wanavyopaka kwetu kwa udongo na samadi, kiganja kikizunguka kwa mapana, nusu mwezi juu ya nusu mwezi, na ukuta ukapata mawimbi ambayo mji ule haukuwahi kuyaona tangu uumbwe. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama. Kwanza walicheka, halafu mmoja akapiga kelele na kuukamata mkono wake, lakini mama alidhani anapongezwa. "Hivi ndivyo kukhu alivyonifundisha," akaniambia, bado anazungusha. "Yeye mkono wake haukosei. Bado anasiriba mwenyewe?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Sikuhitaji hata kubisha. Nikaiangalia ndoo nikasema, "Ndiyo."

Mama akaendelea kupaka. Baada ya saa moja viganja vyake vilikuwa vyekundu, na jioni ngozi ilianza kuchubuka, kwa maana chokaa si udongo, inakula nyama. Nyanya Rosa mwenyewe, yule asiyeweza kujifunga kifungo, alimkalisha na kumpaka mafuta ya zeituni huku akimgombeza. Siku nne baadaye mama aliniaga kwa mikono iliyofungwa vitambaa, hivyo hata kushikana vizuri hatukuweza.

Kukhu alikuwa ananisubiri mlangoni, mguu juu ya gunia. Hakuuliza habari za ndege. "Ulimwambia?" Nikasema nilimwambia. "Akasemaje?" Nikasema atakuja Desemba. Uso wake ulinyooka kama nguo iliyopigwa pasi, na mjomba nyuma yake akamshukuru Mungu kwa sauti. Tangu siku hiyo godoro la wageni lilitolewa kila Jumamosi likaanikwa juani. Jogoo mwekundu aliwekwa wakfu kwa ajili ya mama. Hata mchungaji alipokuja kuomba, jogoo alimpitia mbele akiwa na kiburi cha aliyehakikishiwa uhai. Kwenye simu za Jumapili kukhu hakutaja chochote. Aliona haina haja, neno lilikuwa limeshafika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema humfanya nini mtoto anayemsaidia kuyaficha.

Alikufa wiki ya mwisho ya Novemba, asubuhi, akiwa ameomba uji. Jogoo alichinjwa kwa ajili ya waombolezaji. Mama hakuja kuzika, karatasi zilikuwa bado mezani, na safari ya kuja wakati huo haikuwa tena ya kumwona mtu. Nilitupa konzi mbili za udongo kaburini, moja yangu na moja yake. Siku iliyofuata simu ililia juu ya kigoda, na sauti ya mama ikajaa nyumba nzima: kwa nini hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba mama yake anaumwa? Mjomba Wafula alinitazama. Alinitazama kwa muda wa kupika ugali na kuula. Niliona jambo likimwingia machoni, likatua. Kisha akafunga spika, akaiweka simu sikioni, akasema polepole, "Ni mimi, dada. Nilinyamaza. Makosa ni yangu." Mama hakumsemesha tena. Mjomba baadaye alihamia Moi's Bridge kufanya biashara ya mahindi, na mimi sikuwahi kukaa naye chumba kimoja tukiwa wawili peke yetu.

Miaka mingi baadaye, nikimalizia kidato cha nne katika masomo ya jioni, mwalimu wa jiografia alichora Bahari ya Kati ubaoni nami nikasema nimeiona. Darasa zima la mafundi, mama mboga na mabawabu lilicheka nusura paa ling'oke, na mimi nikacheka zaidi yao. Karatasi za mama zilikuja kutoka, Nyanya Rosa akafa, na chumba chetu hakikupatikana kamwe. Sasa mama amerudi, anaishi nami hapa Kitale, viganja vyake laini mpaka leo kwa sababu ngozi ile haikurudi na mistari yake. Mwaka huu, mvua za masika zilipotufungia jikoni, nilimwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na umri wangu huu.

Hakuinua uso kutoka kwenye sinia la maharagwe. "Nilijua, Nekesa," akasema. "Wiki tatu nzima hukumtaja kukhu. Mtoto aliyelala naye kitanda kimoja. Nikakuuliza mara moja, ukaangalia ndoo. Sikurudia, maana ungeniambia kweli, na mimi ningeondoka."

Nikamuuliza, na mjomba je? Mama alichagua maharagwe mawili mabovu, akayatupa, akasema mvua ikipungua tutaona. Siku hizi simu ina macho; wajukuu walio Nairobi hutuonyesha hata meno yaliyong'oka. Enzi zile mtoto wa miaka kumi na mmoja alivuka bahari na jangwa kupeleka maneno, akashindwa mbele ya ndoo moja. Moi's Bridge ni mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa. Mvua ilipungua Juni. Hakuna aliyekwenda.