Nilivyomnenepesha Mama

Mie ndiye niliyemnenepesha mama. Ndugu wakimtaja husema alikuwa mwanamke wa kula sana, na mie hunyamaza, maana nikifungua mdomo itabidi niseme nani alikuwa anampakulia. Sasa nimechoka kunyamaza.

Tulikaa Temeke. Zamani za shida, wakati madukani hakuna sabuni wala sukari, mama alikuwa na mwili wa kawaida tu. Alitwanga mwenyewe, alichota maji mwenyewe, akaenda sokoni kwa miguu na kurudi na kapu kichwani. Tulikula unga wa yanga, ule wa njano, na kila siku tuliulaani.

Kisha vitu vikaruhusiwa kuingia. Baba kazi yake ilikuwa kutoa mizigo ya watu bandarini, na ghafla mizigo ikawa haiishi. Haikupita miaka mingi tukawa na pikapu, friji na televisheni, na mtaa mzima ukatujua. Kinu kikatupwa uani, kuku wakawa wanatagia humo. Mama akaacha kutembea. Hata kwenda kwa shoga yake, nyumba ya nne kutoka kwetu, alisubiri pikapu irudi. Dona tukawaachia wenye shida zao, sie tukala sembe. Jioni tulikaa mbele ya televisheni na sinia la chipsi katikati, kila mtu na soda yake baridi, na hakuna aliyeinuka mpaka sinia libaki mafuta matupu.

Tukanenepa. Wallahi tulinenepa! Na watu walitusifu. Baba alikuwa na tumbo linaloingia mlangoni kabla yake, akilipigapiga mbele ya wageni kwa raha. Shoga wa mama alikuwa akimshika mkono pale juu, kwenye nyama, anamwambia, "Mwenzetu unatunzwa, shoga. Sie wengine tunachungulia tu." Mama akicheka, mwili wote unatikisika, na mie nilijivunia mama yangu kuliko mnavyoweza kufikiri.

Baba alianguka chooni asubuhi moja. Presha. Choo chetu kilikuwa chembamba, yeye mpana, wanaume wakashindwa kumbeba, ikabidi wamburute kwa miguu kama gunia la mkaa. Alikuwa ameshakufa. Mama alishuhudia yote, amesimama uani, na kanga mdomoni.

Miezi minne na siku kumi za eda mama alikaa ndani akiletewa vyakula. Alipotoka alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu, hakiponi. Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa binti, umri wangu au kunizidi kidogo, na hakuwa na lugha ya kubembeleza. Alimpima, akamwambia, "Mama, una sukari. Ukiendelea na mwili huu nitakata kidole, halafu nitakata mguu, halafu watoto wako watakuzika. Unataka hivyo?"

Njia nzima mama alikuwa anafyonya. "Mtoto hana adabu! Hata pole hajui!" Lakini kesho yake alfajiri alivaa raba za marehemu baba, akazikaza kamba, akatoka kwa miguu.

Akawa anatoka kila siku. Mwanzo alifika kwa muuza mkaa tu na kurudi anahema. Baadaye akafika sokoni. Baadaye akafika mpaka uwanja wa mpira na kurudi, na pumzi anayo. Soda akaziacha, chipsi akaziacha, akarudi kwenye dona na mchicha. Kidonda kikafunga. Siku moja aliniita chumbani kwa sauti ya juu, nikakimbia nikidhani ameanguka. Nikamkuta amekaa kwenye msala, machozi yanamtoka. Miaka mingi alikuwa akiswali juu ya kiti.

"Nimesujudu," akaniambia. "Paji la uso limegusa chini. Mie mwenyewe, hakuna aliyenishika!"

Alikuwa na furaha ya kitoto. Nami nilifurahi, siku ile nilifurahi kweli.

Lakini Dar es Salaam ya miaka ile haikumruhusu mtu kukonda. Watu walikuwa wanakufa kila mtaa, na kila aliyekonda ugonjwa wake ulikuwa mmoja, ukimwi. Ana ngoma. Amekanyaga miwaya. Mtu akipita, kwanza aliangaliwa mashavu, ndipo akajibiwa salamu. Sasa mama yangu ni mjane, mumewe amekufa ghafla, na magauni yanampwaya. Watu wakapiga hesabu yao. Shoga yake, yule wa kumshika mkono, akawa akija kwetu hali wala hanywi. "Nimeshiba, shoga, usijisumbue." Kumbe akitoka pale anasimama bombani anawaambia wenzake, "Alitangulia mume, sasa zamu yake. Maskini, na alivyokuwa na mwili mzuri!"

Mama aliyasikia. Alicheka tu. "Waache waniue wao, mie najijua nilivyo hai." Na raba akavaa.

Mie ndiye sikuweza kucheka, kwa sababu mie nilikuwa nimechumbiwa. Mchumba wangu alikuwa mtu wa Kinondoni, hana wazazi, amelelewa na shangazi yake, na neno la shangazi ndilo la mwisho. Barua ya posa tulishaijibu. Shangazi akaja siku moja kupanga siku ya kuleta mahari. Nikampikia pilau. Alimwangalia mama, akaishia na macho kwenye mifupa ya shingo, na kijiko hakukigusa.

Nilipomsindikiza hadi barabarani akanishika kiwiko. "Mwanangu, mama yako anaumwa nini?"

"Sukari, shangazi."

"Wote wanasema sukari."

"Kadi ya kliniki ipo, nikuletee uione."

"Kadi! Kadi hata kuku anaweza kuandikiwa." Akatazama pembeni. "Sie hatuoi kwenye nyumba inayosubiri msiba. Mama akipata nafuu, akirudi mwili wake, mtuite."

Nilirudi ndani nimewaka. Ningeweza kumkasirikia shangazi, au yule shoga, au mtaa mzima. Nikamkasirikia mama. Nilimkuta anachambua mchicha.

"Mama, unaniharibia maisha."

"Nimefanya nini tena?"

"Kukonda huku! Watu wanasema umeathirika. Posa inavunjika kwa sababu yako."

"Si umemsikia daktari mwenyewe, mwanangu?"

"Daktari atanioa? Baba alikufa na mwili wake, akazikwa na heshima zake. Wewe umekuwa kama ufagio, na kila mtu anatucheka!"

Mama aliacha mchicha.

"Kwani unanionea aibu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Hata uongo ungetosha. Nikamwambia, "Ndiyo."

"Basi pakua," akasema.

Nikapakua. Mtume! Nilipakua kama niliyeahidiwa pepo. Asubuhi mkate na siagi na chai ya maziwa yenye vijiko vitano vya sukari. Saa nne maandazi. Mchana wali wa nazi. Jioni chipsi na mayai na soda mbili, televisheni imewashwa. Mama alikula bila kusema kitu, kama mtu anayemeza dawa, na akisita nilikuwa nakaa mbele yake mpaka amalize. Raba nilizitupa kwenye shimo la choo kwa mkono wangu. Alipoziulizia nikamwambia zimeibwa. "Mwizi gani anaiba raba zilizotoboka?" aliuliza, kisha hakuuliza tena.

Mashavu yakarudi. Magauni yakambana. Shoga yake akaja, akanywa chai yetu, akamshika tena mkono pale pale kwenye nyama. "Mashallah, shoga! Umerudi! Tulikuwa na wasiwasi na wewe." Mama alirudi kuswali kwenye kiti. Nilimwona mara ya kwanza akikivuta kile kiti kutoka ukutani, nikageuka nikaenda jikoni kukaanga.

Shangazi alipoitwa alikuja amevaa dhahabu. Akamkagua mama kama mbuzi wa mnadani, akambinya shavu, akacheka kwa sauti. "Ah! Sasa huyu ndiye mkwe!" Alikula sahani mbili. Mahari ikaletwa wiki ile ile.

Siku ya harusi yangu mama alikaa kwenye kiti, mguu ameufunika na kanga. Kidonda kilikuwa kimefunguka wiki nyingi, alikuwa amenificha, au nilikuwa nimekataa kuona. Tulifukiza udi mwingi siku ile. Wageni walisifu harufu ya nyumba yetu.

Nilimpeleka hospitali baada ya fungate, si kabla. Daktari alikuwa yule yule binti. Aliangalia kadi, akaangalia mizani, akaangalia kadi tena. Safari hii hakumkaripia mtu. Akauliza taratibu, "Mama, ulikuwa umeshapona. Nini kimetokea?"

Mie nilikuwa nimesimama pale pale, na bangili zangu mpya. Mama hakunitazama.

"Ulafi tu, mwanangu," akamjibu. "Nina mdomo mbaya."

Walikata kidole, kisha mguu chini ya goti. Mwezi haukuisha, akafariki.

Tulimrudisha nyumbani Temeke kumwosha. Mie nilikaa nje ya chumba na wanawake wengine, shangazi upande wangu wa kulia, shoga wa mama upande wa kushoto. Mwosha maiti haruhusiwi kusimulia alichokiona, na yule mama mwoshaji alilijua hilo kuliko sie wote. Lakini alipotoka anajifuta mikono alidhani analosema ni sifa, likamtoka. "Mwili wake wote anao, jamani. Kumgeuza tu tumekuwa watu sita."

Uani pakapita mnong'ono, wanawake wakaangaliana. Shangazi akanibana mkono na kuninong'oneza, "Umesikia? Hakuwa nayo. Sasa hakuna mtu atakayekusema."

Mama yangu alikuwa mle ndani amelowa maji, mguu mmoja, na mie nilisikia moyo wangu ukitulia. "Alhamdulillahi," nikamjibu. Nilishukuru kwanza, ndipo nikaanza kulia.