Blanketi la Babu

Mvua ilitunyeshea kwenye sherehe ya Waskoti, hapa Louisville, na sketi nzito ya mzee aliyesimama mbele yangu ikaanza kutoa harufu ya sufu mbichi. Mzee mwenyewe alikuwa analia. Mjukuu wangu aliniambia wanakumbuka vita ambavyo babu zao walishinda, miaka mia saba iliyopita.

Harufu ile ilikuwa ya blanketi la babu yangu. Siku za karamu alilitundika kwenye ua wa matete, na watu wakaimba jinsi alivyomuua askari vitani akamvua blanketi. Mimi nilitembea nimebenua kifua kuliko jogoo. Siku moja mvua ilitukuta tukilianua, nikaingiza kidole kwenye tundu lake.

"Babu, risasi ilipita hapa?"

"Ni panya. Mimi nilibeba mizigo ya Wazungu, bunduki sikushika. Blanketi hili ni la ndugu yangu. Alikufa njiani kwa kuhara, na mimi nilisikia baridi."

"Na ule wimbo?"

"Waache waimbe, mama. Wakijua, tutabaki na nini? Nyamaza."

Nimenyamaza mpaka wote walioimba wamekwisha.

Zumari za Waskoti zikalia. Mjukuu akanivuta mkono.

"Koko, na sisi tuko na shujaa?"

Ulimi uliniwasha. Nikamtazama yule mzee akijifuta kamasi kwa kiganja.

"Tuko naye, mama. Alimuua askari, akamvua blanketi."

Mtoto akabenua kifua.