Swali la Mgeni wa Kwanza

Kwa miaka thelathini na mmoja Kinuyo Hazama alichokonoa kuri, kokwa za mlimani zenye ganda gumu, kwa kijiko katika jiko la duka la vitamutamu la Bibi Orie Furuta, pale mjini Nakatsugawa, na hakuna aliyekula kitamutamu chake akaambiwa kuwa ni chake. Kuri nazo si kazi ya mchezo. Zinaangushwa na miti ya mlimani kuanzia Septemba, zinapikwa kwa mvuke, zinapasuliwa, nyama ya ndani inachokonolewa ingali inaunguza, halafu inachekechwa na kurudishwa motoni na sukari. Mwisho donge linawekwa kwenye kitambaa kibichi na kusokotwa mara moja tu. Ukirudia umeharibu. Vidole vya Kinuyo vilikuwa vimepinda, kucha zimekuwa nyeusi kwa maji ya maganda, na Bibi Orie alimpiga marufuku kutokea dukani wateja wasije wakaziona.

Dukani alikaa Bibi Orie mwenyewe, na kimono yake safi, akipokea sifa. "Ni mikono yangu hii," alikuwa akiwaambia watu, na mikono yenyewe haikuwahi kushika kuri ila kuila. Uongo wa mchana kweupe! Mji mzima uliujua, ukanyamaza.

Mwaka huo vidole viligoma, na Kinuyo akasema msimu ukiisha anaacha kazi. Kwa kuwa wateja walikuwa wanasikia, Bibi Orie akamuuliza anataka zawadi gani ya kuagana. Jibu alikuwa nalo tangu ujana. Alitaka kukaa siku moja kwenye sherehe ya chai ya Mwalimu Mihara, aliyefundisha desturi za chai pale mjini, ile ya Novemba ya kufungua meko ya majira ya baridi, na mgeni atakapouliza kitamutamu kimetoka mkononi mwa nani, litajwe jina lake. Mara moja tu, basi.

"Hilo tu?" akasema Bibi Orie. "Dogo sana hilo, Kinuyo. Niachie mimi, nitaongea na Mwalimu."

Na aliongea naye kweli. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Siku ilipofika Kinuyo aliamka alfajiri akasokota vitamutamu vitano. Akasugua kucha kwa ndimu mpaka zikachubuka, akavaa kimono ya marehemu mama yake, akaenda. Aliwakuta Bibi Orie na wanawake watatu wa nyumba kubwa wameshakaa. Katika chumba cha chai mgeni wa kwanza ndiye msemaji wa wote. Yeye ndiye anayemuuliza mwenyeji kila kitu, wengine wanafunga midomo. Ndiyo maana nafasi hiyo hukimbiwa, kila mtu anamsukumia mwenzake kwa heshima mpaka chai inakaribia kuchelewa. Siku hiyo hakuna aliyesukumana na mtu. Walikuwa wamejipanga kuanzia nafasi ya pili, ya kwanza wakaiacha wazi.

"Karibu, Bibi Kinuyo," akasema Bibi Orie, ambaye hajawahi kumwita Bibi hata siku moja. "Leo ni siku yako."

Maskini, alidhani ni heshima. Akakaa, akainyoosha kimono ya mama yake.

Akala kitamutamu chake. Sukari ilikuwa imekaa sawasawa. Akanywa chai, akageuza bakuli inavyotakiwa, hakukosea popote. Ukafika wakati wa kuuliza. Wanawake wakatazama mkeka, mmoja wao akijiuma mdomo asicheke. Hapo ndipo Kinuyo alipong'amua kuwa lile swali alilolingoja miaka yote ni lake yeye kuliuliza.

"Kitamutamu kilikuwa kizuri," akasema. "Naomba kujua, kimetengenezwa na nani?"

Mwalimu Mihara akaweka mikono juu ya mkeka. "Ni kazi ya Bibi Orie Furuta, aliye hapo kando yako. Aliamka alfajiri kwa ajili yetu."

Mtengenezaji akiwapo, mgeni wa kwanza humshukuru kwa niaba ya wote. Bibi Orie alikuwa ameshamgeukia, kidevu juu, anangoja. Kinuyo akafungua mdomo. Maneno ya miaka thelathini na mmoja yalikuwa yamemjaa kinywani, lakini chumba kile hakisemewi neno la ugomvi. Angelisema, mji ungemkumbuka mpaka kaburini kama mfanyakazi aliyewaharibia wakubwa chai yao. Bibi Orie alilijua hilo kabla ya kumkalisha pale.

"Haya, Bibi Kinuyo," akamwambia kwa upole. "Wenzako wanakusubiri wewe."

Kinuyo akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Tunaishukuru mikono yako, Bibi Orie. Hatujawahi kula kitamu kama hiki."

Wenzake nao wakainama, kama desturi inavyotaka. Yeye alikawia kuinuka, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtiririka na pale huwezi kujifuta uso. Mwalimu Mihara akamsifu. Alisema kwa mtu wa jikoni ameuliza vizuri mno, karibu awapite waliozoea.

Bibi Orie akashukuru kwa niaba yake, akasema ni yeye mwenyewe aliyemfundisha.