Shangazi Aliyeongezewa Hisa

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hakuna mteja anayetoka kibandani kwake bila kuambiwa kwamba ana hisa za kampuni ya saruji. Watu wakambandika jina la Mwanahisa, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Siku redio iliposema, "Kampuni ya saruji imeongeza hisa," aliiacha suruali ya mtu na mguu mmoja, akanipigia simu.

"Mwanangu, zimeongezwa! Nauza chache tu, mdogo wako aingie chuo."

Binti yake alikuwa ameshapata nafasi ya kusomea uuguzi. Kilichokosekana ni ada.

Mimi ni karani kwa dalali wa hisa, basi kazi ya kumkata maini ikaniangukia.

"Shangazi, hazikuongezwa zako. Kampuni inajenga tanuri jipya, haikutaka kukopa benki, ikawauzia watu wengine hisa mpya. Faida ya mwaka huu ni ileile, wagawanaji ndio wamezidi. Bei imeshuka."

"Kwa hiyo wamenipunja?"

"Hapana. Tanuri likianza kazi, faida huenda ikakua na bei ikapanda. Ila ukiuza leo, umeuza kwa hasara."

Roho iliniuma. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli hiyo haikulipa ada ya mtu.

Nikamshauri akope.

"Mkopo unadai hata mwezi ambao sijashona kitu," akasema, akakata simu.

Hisa hakuziuza. Wiki hiyohiyo alimwita jirani yake, mshona mapazia aliyekuwa akihangaika kutafuta pa kuweka cherehani. Jirani akatoa pesa ya ada, akawa mwenye nusu ya kibanda na nusu ya mapato. Binti akafunga mizigo.

Jumamosi nilipopita niliwakuta wakigawana. Shangazi alilishika fungu lake, akaligeuzageuza kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Nami, kwa mdomo wangu usiotulia, nikamtania.

"Vipi Mwanahisa, umepunjwa?"

Hakucheka. Alitazama kona ambayo binti yake alikuwa akikaa kutia vifungo, akazifunga noti zake kwenye kipande cha kitambaa.

"Na mimi nimeongeza hisa," akasema. "Tanuri langu linasomea uuguzi."