Maharage ya Ijumaa ya Kwaresima

Maharage ya Balbina wa Mlabani yaliwafanya watu walambe vidole, wala hakuwa na uchawi. Alinunua sosi ya soya dukani kwa Asmahani, akaloweka uyoga mkavu wa kutoka Sanje, akaponda tangawizi na kitunguu saumu, vyote akavichemsha mpaka vikawa rojo jeusi. Kijiko kimoja tu, na mboga ilikolea kama imepikwa na mifupa. Ufundi huo alimfundisha mtu mmoja, Jane, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Kila Pasaka Balbina ndiye aliyewapikia wanajumuiya wenzake wa kanisani, na heshima hiyo aliionea fahari kuliko kitu chochote alichokuwa nacho.

Mwaka huu, Ijumaa moja ya Kwaresima, jumuiya walimaliza Njia ya Msalaba wakaenda kula kwake. Mzee Hilari, mwenyekiti wao, alitafuna tonge la kwanza, akasita.

"Mama, umetulisha nyama Ijumaa ya mfungo?"

Mikono yote ikatoka kwenye sahani. Balbina, masikini, akacheka akidhani ni utani.

"Mzee wangu, hiyo ni soya na uyoga. Muulizeni Jane, tumepika wote."

Jane, aliyekuwa amekoroga sufuria ile kwa mkono wake mwenyewe, akainamia wali. "Mimi nilikuwa nachambua mchele. Kilichoingia kwenye mboga sikukiona."

Balbina akamkazia macho Jane. Wengine kumshuku, sawa, hawajui. Lakini huyu! Wiki haikuisha, mapishi ya Pasaka akapewa Jane.

Jumamosi Kuu, Jane huyo akabisha hodi, mpole ajabu.

"Dada, ule uyoga ulisema unalowekwaje? Nimesahau, wangu umekuwa mchungu."

"Uyoga upi? Si mlikula nyama?"

"Jamani dada, niliogopa kutengwa."

"Ukaona bora nitengwe mimi."

Balbina alikuwa na hasira ya kumfungia mlango, ila akawafikiria watu aliowalisha miaka yote. Akamweleza: maji ya vuguvugu, na yale ya kwanza umwage.

Kesho yake, Pasaka yenyewe, watu walikula, wakaongeza, wakausifu mkono wa Jane. Mzee Hilari ndiye aliyesifu kuliko wote. Jane akazipokea sifa zote akitabasamu, na upande aliokaa Balbina hakugeuka hata kidogo.